Nyumba yenye tanga

*Kaskazi ikishika, yoti za wageni huteremka pwani kuelekea Pemba, Unguja na mbele zaidi. Nyingi huendeshwa na watu wawili tu, mke na mume. Zinapita mbele ya Mji wa Kale wa Mombasa, na mtaa wa Bondeni huambulia kuiona milingoti yake.*

Mwanamke alisimama omo, miguu peku, mkono wa kulia juu. Mumewe alikuwa tezi, kashika usukani, macho kayakaza kwenye ule mkono. Hakuna aliyesema neno. Mkono ukakunjwa ngumi, injini ikarudi nyuma taratibu. Kiganja kikateremshwa, mnyororo ukaanza kumwagika majini. Kiganja kikainuliwa tena, nanga ikashika. Yoti ikageuza uso polepole kuielekea kaskazi, injini ikanyamaza.

Nilikuwa juu ya ngazi za mawe upande wa Mji wa Kale, pamoja na wazee wawili wa Bondeni waliokuja kupunga upepo baada ya sala ya Alasiri. Mmoja wao alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, kwenye majahazi enzi za ujana wake. Alitazama mpaka mwisho. Akasema hao wanaijua kazi, maana chombo kinachotia nanga kwa makelele ni chombo ambacho waliomo hawajaafikiana.

Siku ya tatu nilikodi mashua nikawafuata. Chombo chao ni cha futi 38, mlingoti mmoja, rangi nyeupe iliyofifia kwa jua, paneli mbili za sola juu ya tezi na nguo zimeanikwa pembeni. Bendera ndogo ya Kenya inapepea upande wa kulia wa mlingoti, kama ada ya baharini inavyomtaka mgeni. Waliomba majina yao yasiandikwe. Mume alikuwa mwalimu, mke muuguzi, wote wamestaafu. Nyumba yao ya Ulaya waliiuza, na sasa hii ndiyo nyumba. Walifika Kilifi na kusi ya mwaka jana wakitokea Shelisheli, wakangoja humo mpaka upepo ugeuke. Sasa wanakwenda kusini.

Mhariri alinituma nitafute jibu la jambo moja: kwa nini wageni wa namna hii hupita Mombasa mbiombio, ilhali kisiwa hiki kimepokea vyombo vya upepo tangu kabla ya Fort Jesus kujengwa mwaka 1593? Nilidhani nitaandika habari ya ada na vibali. Ada na vibali vimo, lakini nilianza kuelewa jambo lenyewe pale nilipouliza wanalalaje.

Ndoa ya zamu

Watu wengi, walisema, hudhani wao hukaa bega kwa bega wakitazama jua likizama. Ukweli ni kwamba wakiwa safarini hawaonani sana. Chombo hakisimami usiku. Mmoja analala, mwingine anakesha, saa tatu kwa saa tatu, kuanzia Magharibi mpaka kupambazuke. Wanakutana mlangoni mwa chumba cha chini: anayepanda ana kikombe cha chai, anayeshuka ana macho mekundu. Wanaambiana mambo manne, upepo, meli zilizoonekana, njia, na hali ya betri. Basi. Anayeshuka huingia kwenye shuka ambayo bado ina joto la mwenzake.

Mke alisema zamu za usiku hazikumtisha, kwa kuwa alizizoea wodini kwa miaka mingi. Kilichomtisha mwanzoni ni kuamka. Akiamka, kabla hajafumbua macho, husikiliza kwanza kikohozi au unyayo juu ya kichwa chake. Hofu ya kila wawili walio peke yao baharini ni kupanda juu na kukuta usukani hauna mtu. Ndiyo maana wana sharti lisilovunjwa: usiku hakuna kwenda omo bila kumwamsha mwenzio, na bila kujifunga kamba ya kiunoni, hata bahari iwe imetulia kama maziwa.

Nilionyeshwa nyumba nzima kwa dakika tano. Jiko la gesi linaning'inia kwenye bawaba, chombo kikilala upande nalo hubaki limenyooka na sufuria haimwagi. Maji matamu yamo tangini, na kuoga ni lita mbili kwa mtu, kwanza maji ya chumvi kisha matamu. Vitunguu viko kwenye wavu. Juu ya kitanda, kwenye ubao, pameandikwa kwa kalamu ya risasi majina ya bandari zote walizotia nanga, na mbele ya kila jina idadi ya siku. Kilifi ndiyo yenye siku nyingi kuliko zote. Mombasa, wakati huo, ilikuwa na siku tatu, na mbili kati yake zilikwenda kwenye karatasi.

Jioni ile mke alishuka pwani nami nikampeleka Bondeni, nyumbani kwa bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa nahodha wa jahazi la boriti. Tulikaa barazani, tukaletewa kahawa tungu na kashata. Bibi alimwita mwanangu, ingawa mgeni mwenyewe ana wajukuu. Alimweleza jinsi wanaume walivyokuwa wakiondoka na kaskazi kwenda delta ya Rufiji, na wake kubaki wakihesabu miezi mpaka kusi iwarudishe na shehena ya mikoko. Barua hazikuwepo. Habari ikiletwa, ililetwa na chombo kingine. Mwanamke aliyetaka kujua kama ni mke bado au ni mjane alikwenda kukaa mahali panapoonekana mlango wa bahari.

Kisha bibi akamuuliza: wewe unapokuwa huko, nani anakungoja?



Mgeni alifikiri. Akajibu kwamba hakuna, wote wawili wamo chomboni. Halafu akasahihisha: usiku, kwa saa tatu, yeye humngoja mumewe, na saa tatu zinazofuata mumewe humngoja yeye. Nilipomtafsiria, bibi alicheka kidogo, akasema basi yamekuwa yale yale, kilichopungua ni urefu wa kungoja.

Upepo ule ule

Kaskazi hushika Disemba na kuendelea hadi Machi. Kusi huanza Aprili, ikawa kali Juni mpaka Agosti, kisha hulainika. Kati yake huja matlai, upepo mpole wa mashariki. Kalenda hii ndiyo iliyoujenga mji huu. Vyombo vya Kuwait, Omani, Uajemi na Kachchh vilishuka na kaskazi vikileta tende, chumvi, mazulia na papa mkavu, vikarudi na kusi vimebeba boriti. Aliyeidharau kalenda alilipa. Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi Aprili 1498, akafika India kwa muda usiofika mwezi mmoja, kwa sababu upepo ulikuwa wake. Kurudi aliondoka mapema mno, Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akazurura baharini karibu miezi mitatu na mabaharia wengi wakafa njiani.

Hata mgeni kujifunza kwa wenyeji ni jambo la zamani. Disemba 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait la aina ya bum huko Aden chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi. Waliteremka na kaskazi, wakapita Mombasa na Unguja, wakaingia Rufiji kupakia mikoko, wakarudi na kusi. Alitoka na kitabu, *Sons of Sindbad*, kilichochapishwa mwaka 1940, na picha ambazo mpaka leo ndizo ushahidi bora wa safari zile. Majina ya kamba na matanga aliyapata kwa kukaa sitahani na kutazama.

Njia ya kusini haijafa kwa wenyeji pia. Januari 2019 Flipflopi, dau la urefu wa mita tisa lililojengwa Lamu kwa takataka za plastiki chini ya fundi Ali Skanda, lilitweka tanga likateremka na kaskazi hadi Unguja, takriban kilomita 500. Watoto wa shule walilipokea njiani.

Nilimchukua yule serahangi hadi kwenye yoti. Mume alimwonyesha ramani ya upepo kwenye simu, mishale na rangi za siku saba zijazo. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye mfereji wa Pemba, akasema hapa pameandikwa upepo mdogo, lakini kaskazi ikishapita mchana kutwa, alasiri hujikusanya humu ndani na mawimbi husimama wima, hasa maji yakiwa ya bamvua, yanapojaa na kupwa sana. Mume alichukua kitabu chake cha safari akaandika. Nilimwona akipigia mstari neno *bamvua*, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi.

Elimu ile haimo kwenye simu, wala haimo kwenye kitabu chochote ninachokijua. Imo kwenye vichwa vya wazee ambao kila mwaka tunawazika.

Kaskazi inasukuma, kimbunga kinangoja

Kwa mtu anayekwenda Unguja, kaskazi ni neema. Kwa anayekwenda Afrika Kusini, kuna mtego. Miezi ambayo kaskazi inakusukuma ndiyo miezi ya vimbunga katika Mlango wa Msumbiji, kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisi wa Mombasa tuko karibu mno na ikweta kwa vimbunga kutufikia kwa nguvu, hivyo hatuvizoei hata katika mazungumzo. Kusini ni habari nyingine. Machi 2019 Idai iliivunjavunja Beira. Aprili 25 mwaka huo huo Kenneth ikaipiga Cabo Delgado. Mei 2024, wakati ambapo wengi walidhani msimu umekwisha, Hidaya ilifika hadi Mafia.

Ukingoja vimbunga vipite, kusi inakuwa imeshika, na mkondo wa pwani unaokwenda kaskazini nao unapata nguvu, hata kufikia noti nne. Yoti hii mwendo wake wa kawaida ni noti tano. Fanya hesabu: kwenda kusini Julai kwa kupiga bisho pwani yetu ni kukimbia mahali pamoja.

Wenyewe wamepanga hivi. Kabla ya Machi kwisha watakuwa Tanzania, kati ya Pemba na Mafia. Hapo watatulia. Baadaye watakata kwenda mashariki kuelekea Komoro na Madagascar, mbali na ule mkondo, na kuvuka kwenda Richards Bay kwenye Oktoba au Novemba. Cabo Delgado wataipita mbali, kwa kuwa vita vya waasi viko huko tangu Oktoba 2017. Kusafiri maili zisizofika elfu mbili kwa karibu mwaka mzima kunahitaji watu wawili wanaojua kungoja bila kugombana, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko bahari yenyewe.

Waliochukuliwa

Kuna majina mawili ambayo kila anayeishi kwenye yoti katika maji haya anayajua. La kwanza ni la yoti Lynn Rival. Oktoba 2009 Paul na Rachel Chandler, mke na mume Waingereza, walikuwa wametoka nayo Shelisheli kuja Tanzania walipovamiwa na maharamia wa Kisomali usiku. Walishikiliwa siku 388, na kwa muda walitenganishwa. La pili ni Choizil. Mwishoni mwa Oktoba 2010 yoti hiyo ilikuwa imetoka Dar es Salaam kwenda Richards Bay, njia ile ile wanayoitaka wageni wetu. Nahodha alikataa kushushwa pwani ya Somalia akaokolewa. Bruno Pelizzari na mwenzake Debbie Calitz walichukuliwa, wakaachiwa Juni 2012, baada ya takriban miezi 20.

Pwani yetu iliumia pamoja nao. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na Lamu ikabaki bila watalii. Yoti zikaacha kuja. Mahabusu wa uharamia walijaa gereza la Shimo la Tewa, na mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa huko mwaka 2010 kwa ajili ya kesi zao. Vijana wa Bondeni waliokuwa wakiosha na kulinda vyombo vya wageni walitafuta kazi nyingine.

Mambo yalitulia, hata makampuni ya meli yakaliondoa eneo hili kwenye orodha ya bahari ya hatari kubwa kuanzia Januari 1, 2023. Lakini mwisho wa mwaka huo mashambulizi yalianza Bahari ya Shamu, na Machi 2024 meli ya Bangladesh, Abdullah, ilitekwa na Wasomali ikitoka Maputo. Kwa yoti inayotaka kurudi Ulaya kutoka Bahari ya Hindi, njia ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema sasa ndiyo inayofikiriwa kwanza. Yaani njia ya kusini, ambayo hupita mlangoni kwetu.

Chandler na mkewe walirudishiwa yoti yao. Waliitengeneza, na mwaka 2012 wakaitweka tena tanga. Nilimuuliza mke wa yoti hii kama anawaelewa. Alinyamaza kidogo, akasema mtu anaweza kuibiwa mwaka mzima wa maisha yake bila kukubali kuibiwa nyumba pia.

Dirisha hadi dirisha

Sasa turudi kwenye swali la mhariri. Chombo kidogo kikiingia au kutoka Kenya hupita mikononi mwa watu wa afya, uhamiaji, forodha na bandari. Hilo ni haki ya nchi yoyote. Kinachowachosha wageni ni kuwa madirisha hayo yako mbalimbali, kila moja lina karatasi yake, na karatasi zenyewe zimetungwa kwa ajili ya meli ya makontena. Mume alijaza fomu iliyomtaka aandike idadi ya mabaharia wake. Akaandika mmoja. Dirisha lililofuata likamrudisha akaeleze.

Basi wageni huchagua. Wengine hulala upande wa Kilindini kwenye klabu ya yoti, wengine ng'ambo English Point, wengi zaidi hukaa Kilifi na Mtwapa na kuja Mombasa kugongewa mihuri tu. Mafundi wa kalafati, mafundi wa injini, washonaji wa matanga, wauza mboga wa soko la Marikiti, wote wako upande wetu wa maji, na kazi haiwafikii. Ndiyo hoja ya vijana na wafanyabiashara wa Mji wa Kale wanaotaka gati dogo la vyombo vya wageni karibu na Bandari ya Kale.

Wanaopinga nao wana hoja, tena hoja nzito. Agosti 2014 serikali ilikizamisha chombo cha Al Noor kilichokamatwa na mamia ya kilo za heroini. Mwaka uliofuata, Agosti, ikawa zamu ya yoti ya kifahari, Baby Iris, iliyokutwa Mombasa na zaidi ya kilo saba zimefichwa kwenye tangi la dizeli, nayo ikalipuliwa baharini. Familia za Bondeni hazihitaji kuelezwa heroini inafanya nini. Wapo akina mama pale wenye wana wawili makaburini. Mama wa namna hiyo akisema hataki kuona yoti ambayo haijapekuliwa mpaka chini ya mbao za sakafu, anastahili kusikilizwa kabla ya mwenye duka.



Wapo pia wenye majahazi, ambao huuliza kwa nini gati lijengwe kwa anayekuja mara moja wakati wao, wanaopeleka bidhaa Lamu na Pemba mwaka mzima, hawana pa kutosha pa kufunga kamba. Na wapo wazee wanaohofia kuwa nyuma ya gati zitakuja baa, na nyuma ya baa wanunuzi wa nyumba.

Nimezisikia zote, na maoni yangu ni haya. Upekuzi mkali na mapokezi mazuri vinaweza kukaa chumba kimoja. Liwekwe dirisha moja Bandari ya Kale, lenye maafisa wote wanne na mbwa wa kunusa, na gati lijengwe kwanza kwa majahazi, wageni wapewe ncha yake. Na pale pale pawe na meza ya serahangi, alipwe ada halali kwa kumwambia mgeni upepo wa mfereji wa Pemba ukoje. Hilo la mwisho ndilo ninalolililia zaidi, maana gati linaweza kujengwa hata miaka ishirini ijayo. Mzee yule ana miaka themanini na mbili.

Kupwa ya alasiri

Waliondoka siku ya tano, saa tisa alasiri, maji yakiwa yanakupwa, ili mkondo uwatoe mlangoni na usiku mmoja uwafikishe Mkoani, kisiwani Pemba. Ni maili za bahari zipatazo 80. Serahangi aliuchagua wakati huo, na siku hiyo pia, kwa kuwa ilikuwa ya maji mafu, siyo ya bamvua.

Bibi wa Bondeni alituma chupa ya achari ya ndimu na fungu la mkate wa mofa uliofungwa kwa gazeti. Alitaka nimwambie mgeni kwamba wakifika watume habari, na asimwachie mumewe kazi hiyo, maana wanaume husahau.

Mke alisimama omo kama siku ile ya kwanza, maji ya pampu yakisuuza tope la Mombasa kutoka kwenye mnyororo. Mkono juu. Mkono pembeni. Omo ikageuka, ikaipita Fort Jesus. Huko mbele, penye mlango, tanga kubwa likapanda, likapiga makofi mara mbili, likajaa.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mjukuu wa bibi kesho yake saa tatu asubuhi. Ulisema wametia nanga salama, mawimbi hayakuwa makubwa, na mkate umekwisha. Mjukuu aliusoma kwa sauti barazani. Bibi akamwambia aandike swali moja: alfajiri ile, zamu ya mwisho ilikuwa ya nani?

Jibu lilirudi baada ya muda mfupi. Ilikuwa yake, na mumewe hakuamshwa mpaka Pemba ilipoonekana.